Kiota Ambacho Ovide Dugas Alimficha Mkewe

Baba, mwaka umetimia tangu Mei ile ulipovua viatu vya mpira kwenye ngazi za nyuma, ukasema umechoka kidogo, ukajilaza kwenye kochi, na moyo wako ukasimama kabla kahawa haijachemka. Mama aliimwaga kahawa ile yote. Hakuna aliyethubutu kumwambia achemshe nyingine mpaka jirani walipoanza kuingia na vyungu vyao vya gumbo, ule mchuzi mzito wa bamia.

Tangazo hili la kumbukumbu limechelewa. Sisi wanao, Charlene na Dale, tulikuwa tumeliandika mapema, fupi, la heshima, lenye picha yako ukiwa na kofia ngumu ya kazini. Lililotukwamisha ni jina moja tu. Mama alikataa jina lake liandikwe miongoni mwa wanaokukumbuka. Kwa hiyo itabidi tueleze, na wasomaji watuwie radhi, maana maneno haya ni ya kwetu na wewe, wao wanasikiliza tu dirishani.

Wengi hapa Bayu Chenal wanakukumbuka ukiwa juu ya nguzo ya umeme. Kila tufani ilipopita ulikuwa wa kwanza kupanda na wa mwisho kushuka, na nyumba za wazee ulizirudishia umeme kwanza, ukimwambia msimamizi kwamba zilikuwa njiani. Hazikuwa njiani. Kila mtu alijua, hata msimamizi, na hakuna aliyekuumbua.

Ni juu ya nguzo pia ndipo lilipokupata jambo lako. Ulitumwa kukata tawi lililokaribia nyaya, na kwenye tawi hilo, usawa wa macho yako, mvumaji jike alikuwa amelalia mayai yake. Ndege mwenyewe hafiki kidole gumba, anavuma kama nyuki, na kila machipuo anaivuka Ghuba nzima, bahari tupu, usiku kucha bila kutua. Alikutazama. Hakuondoka. Ulishuka ukamwambia msimamizi kwamba msumeno umeharibika, na tangu siku hiyo ukawa mtu wa wavumaji.

Hukusomea ndege. Ulikuwa mmoja wa wale watu wa kawaida, wako nchi nzima, wanaoandika lini wamemwona mvumaji wa kwanza, lini kiota kimejengwa, lini wa mwisho ameondoka, kisha wanatuma kwa watu wa mradi wa kuwafuatilia ndege hao, ambao huunganisha taarifa zote. Mpaka mwisho wao hawakukujua sura. Walijua tu kwamba kinachotoka kwa Dugas kinaaminika.

Kiliaminika kwa sababu wewe hukumwamini mtu. Tuseme ukweli, Baba, ulikuwa na shaka kuliko polisi wa barabarani. Mtu akikujia kanisani amejaa furaha, "Ovide, nimemwona wa kwanza leo!" wewe ulikuwa huulizi habari za nyumbani. Ulikuwa unauliza, "Koo uliliona?" Hakuliona koo, ambalo ndilo humtambulisha mvumaji, basi hukuandika. Dale alikuwa mtu mzima mwenye ndevu na kazi yake siku alipokuja mbio kusema ameona kinda la mvumaji kwenye maua ya Mama. Ulimsikiliza mpaka mwisho, kwa upole wote, kisha ukamuuliza, "Lilikuwa na papasi, zile pembe nyembamba za kichwani?" Akasema ndiyo, mbili, nzuri sana. "Hiyo ni nondo, mwanangu," ukasema, ukarudi kwenye gazeti lako. Mpaka leo kazini wanamwita Nondo.

Kila tulipokuja nyumbani tulikukuta jikoni unawachanganyia wavumaji maji na sukari, maji mara nne ya sukari, bila rangi. Jirani alipokuletea chupa ya maji mekundu ya dukani ulimshukuru, ukampa samaki, na alipofika kwenye kona ukayamwaga. Chupa zilining'inia kuzunguka baraza lote. Wavumaji walikuwa wanagombana pale siku nzima, na Mama alizoea kupita ameinamisha kichwa.

Na hapo ndipo shaka ya Mama ilipoanzia. Nyumba imejaa ndege, lakini kila Aprili, asubuhi, unavua kofia yako nyekundu, unavaa shati la kahawia, unatoka kwenda kutazama ndege.

"Ndege gani huyo," Mama alikuuliza siku moja, "asiyepatikana kwenye baraza lako mwenyewe?"

"Hapa wanakuja kunywa na kupigana tu," ulimjibu. "Hakuna jike mwenye akili atakayejenga kwenye fujo hii."

"Basi amejenga wapi?"

"Huko."

Huko! Ulimjibu hivyo miaka yote, Baba. Ulikuwa unarudi saa ya chai unanuka kahawa ambayo si ya kwetu. Mama anajua kahawa ya kila nyumba ya parokia hii kwa harufu. Hiyo hakuijua.

Mama Mdogo Lou Ella, ambaye tunampenda na ambaye analisoma hili sasa hivi akiwa amesimama, hakusaidia kitu.

"Dada, mwanamume anayekwenda kutazama ndege hapigi shati pasi."

"Alipiga mwenyewe," Mama akasema. "Hata hakunipa mimi."

"Ndiyo hivyo sasa! Si ndicho kibaya chenyewe?"

Ulipokuwa hai Mama aliimeza shaka hiyo. Alikuwa akisema mwanamume akiwa na miaka sabini na magoti mabovu, anaweza kwenda wapi? Siku ya maziko yako ndipo ilipomrudia yote. Mwanamke tusiyemjua alikuja, mwembamba, amevaa gauni la kahawia wakati kila mtu yuko kwenye nyeusi. Alikaa kiti cha nyuma kabisa, akalia bila sauti, akaacha chupa ya maji yasiyo na rangi mezani, akaondoka kabla gumbo halijapakuliwa. Hapa kwetu mtu haondoki kabla ya gumbo ila ana jambo. Mama alimwona tangu alipoingia mlangoni. Kwenye picha zote za siku ile Mama ndiye pekee ambaye hatazami jeneza.

Basi Machi mwaka huu tukakaa naye jikoni kumsomea tangazo. Charlene alisoma mpaka kwenye "wanakukumbuka mkeo mpendwa Verna," na Mama akanyoosha mkono.

"Futa hapo."

"Mama?"

"Wanaomkumbuka wawe ninyi. Mimi sijui ninamkumbuka nani. Siku nitakayojua alikuwa akienda wapi, nitaandikwa. Nisipojua, msiniandike."

Dale akajaribu mzaha. Mama akamtazama, na mzaha ukaishia njiani. Charlene akaona amtulize kwa ushahidi. Akafungua kompyuta, akamwonyesha tovuti ya mradi, taarifa zako zote kwa mpangilio. Wavumaji wa kwanza, kila mwaka, na nukta kwenye ramani pale pale nyumbani kwetu. Mama akalainika kidogo. Kisha wakafika kwenye viota. Kila Aprili, kila Mei, kiota kimoja, jike amelalia, makinda wametoka, makinda wameruka. Na kila mara chini yake yameandikwa maneno yale yale: mahali pamefichwa kwa ombi la mtazamaji.

"Umeona?" Mama akasema, amekunja mikono. "Amemficha mpaka kwenye kompyuta."

Tulimwambia ni kawaida, watazamaji wengi hufanya hivyo. Lakini shaka ya mtu aliyefiwa haina pa kwenda, Baba. Ungekuwa hai angekufokea na mngemaliza. Wewe umelala, kaburi limepakwa chokaa safi, naye kabaki na neno moja mdomoni, hajui alimeze au aliteme. Alikuwa amepungua mpaka pete inazunguka kidoleni. Tuliogopa tutakuzika mara mbili.

Mama alimpata yule mwanamke wa mazikoni dukani. Hatutasema duka gani. Alikuwa kwenye foleni amebeba sukari nyeupe, mifuko mikubwa, mwanzoni mwa Aprili. Mwanamke mwembamba kama yule haoki keki za mifuko hiyo yote. Mama akaacha vitunguu vyake juu ya mashine ya malipo, akaingia ndani ya gari, akamfuata. Tuseme alivuka daraja akaenda ng'ambo ya bayu, mto wetu wa maji yaliyotulia. Huenda hakuvuka. Mama Mdogo, usijisumbue kuwasha gari, tumebadilisha hiki na kile humu kwa makusudi.

Alipofika langoni, yule mama alikuwa ameshashuka, na alinyoosha kiganja mbele kama anayezuia ng'ombe.

"Simama hapo hapo, tafadhali."

"Nisimame? Unajua mimi ni nani?"

"Nakujua. Ndiyo maana nakwambia simama. Na sauti, mama."

"Sauti imefanya nini?"

"Iko juu."

"Nimezaliwa nayo. Mume wangu alikuwa anakuja hapa?"

"Alikuwa anakuja."

Mama anasema alitarajia huyo mwanamke angekana, na alikuwa amejiandaa kwa kukana. Kwa kukubaliwa hakuwa amejiandaa. Alishika gari lake.

"Kufanya nini?" akauliza.

Yule mama akatupa jicho nyuma ya nyumba, haraka, akalirudisha. "Siwezi kukuonyesha sasa. Rudi mwezi ujao."

"Mwezi ujao utakuwa umeshakiondoa hicho kitu!"

"Mwezi ujao kitakuwa kimeondoka chenyewe," yule mama akasema, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza, na hilo ndilo lililomuudhi Mama zaidi ya yote.

Alirudi nyumbani na neno lile lile. Kitakuwa kimeondoka chenyewe! Tukakaa kumzunguka kama baraza la wazee. Ni kitu gani kinaondoka chenyewe?

"Labda ana mgonjwa ndani," Dale akasema.

"Labda mtoto," akasema Mama Mdogo.

Lou Ella mwenyewe akajutia, maana alifunika mdomo, lakini neno likishatoka limetoka. Mtoto mkubwa, anayekaribia kuondoka kwa mama yake. Mwenye pua yako, pengine. Mama aliinuka akaenda kulala saa moja ya jioni, na Charlene alipopita mlangoni alimsikia akisema na picha yako, kwa sauti ya chini kabisa ambayo hatukujua kwamba anayo.

Asubuhi yake Mama alichukua kiti cha kukunja, kile cha kutazamia gwaride la sikukuu ya Mardi Gras, akaenda kukifungua barabarani, mbele ya lango la yule mama. Akakaa. Barabara ni ya serikali, hakuna wa kumfukuza. Alikuwa na bakuli la pekani, njugu za mti zenye ganda gumu, za kumenya na nia ya kumwona kila anayeingia na kutoka. Hakuingia mtu, wala hakutoka. Kesho yake akarudi. Na kesho kutwa.

Siku ya kwanza yule mama alichungulia tu kupitia pazia. Siku ya pili alikuja mpaka uzioni.

"Hizo pekani zinapasuka kwa kelele."

Mama akaziweka chini. Mpaka leo hajui kwa nini alitii. Siku iliyofuata yule mama alipitisha kikombe cha kahawa juu ya uzio, na Mama akakinusa kabla hajakinywa. Ilikuwa ile ile, ya miaka yote ile. Anasema angeweza kumwagia usoni. Aliinywa. Alitaka angalau aijue.

Wiki ikapita hivyo, wanawake wawili na uzio kati yao, kila mmoja anamvizia mwenzake. Mwishowe yule mama akaja langoni akashika komeo.

"Nikuulize. Hapa unapokaa, umemwambia nani ni wapi?"

"Wanangu wanajua ninatoka. Hawajui ninakwenda wapi."

"Na dada yako?"

"Dada yangu ndiye kabisa," Mama akasema, "maana hapa mimi ninaonekana kama kichaa, na sitaki ajue."

Yule mama akafungua. Akampa masharti palepale: asinyooshe kidole, maana kunguru hufuata kidole cha mtu mpaka kinapoelekea, asivae chochote chekundu, maana nyekundu humtoa jike kiotani, asikae sana. Mama akavua kitambaa chake cha kichwani, kilikuwa na maua mekundu, akakitia ndani ya mfuko. Wakazunguka nyuma ya nyumba mpaka chini ya mti ambao hatutautaja.

Hakuona kitu. Aliona tawi lenye kifundo. Akakitazama kifundo mpaka kikageuka kuwa kikombe, kidogo kama nusu ganda la pekani, kimefungwa kwa utando wa buibui na kubandikwa magamba ya mti ili kifanane na tawi, na ukingoni midomo miwili myembamba kama sindano imeelekea juu.

"Hiki?" Mama akanong'ona.

"Hiki."

"Miaka yote ile, kwa ajili ya hiki?"

"Hujenga tawi hili hili. Sijui kama ni yeye au binti yake. Ovide ndiye aliyekigundua akiwa juu ya nguzo yangu. Alikuwa anakuja, anakaa pale, anatazama, anaandika, anakunywa kahawa, anakwenda."

"Na pasi? Shati alikuwa anapiga pasi kwa nini?"

"Hilo la pasi mimi silijui, mama. Sikumwambia apige pasi."

Mama akamtazama usoni kwa muda mrefu, kwa jicho lile alilokuwa akitutazamia sisi tulipotoka disko. Kisha akauliza lile alilolibeba mwaka mzima.

"Kwa nini hakuniambia? Ndege wawili wasiojaza kijiko. Mimi mkewe. Kwa nini?"

Yule mama hakutaka kusema. Mama akamng'ang'ania, kwa kunong'ona, tena na tena, mpaka akakubali.

"Alisema una moyo mkubwa kuliko nyumba yenu, ila hauna mlango. Kinachoingia asubuhi, mchana kiko barabarani. Alisema mara ya kwanza alikwambia."

Mama alikumbuka. Ilikuwa zamani, sisi tuko shuleni, kiota kikiwa kwenye mwaloni wetu wa mbele. Ulimwambia yeye peke yake, Baba, ukampandisha ngazi kwa mkono ili aone. Furaha ilimzidi, akamwambia Lou Ella kwenye ngazi za kanisa. Baada ya Misa yakaja magari. Watu walikuja na kamera, na kuku wa kukaanga, na watoto mabegani, wakakaa mpaka jua likazama, wema wote wale, hakuna aliyetaka ubaya. Jike hakurudi tena. Ulishusha mayai mawili madogo kama maharage, ukayashika kiganjani mpaka ulipoona hayana uhai, ukasema, "Basi." Hukumfokea. Hukulitaja tena mpaka unakufa, na Mama, kwa kuwa hukulitaja, alidhani umelisamehe.

"Ningekuta nguo za mwanamke ningejua la kufanya," alituambia usiku ule, amekaa na kitambaa chake bado mfukoni. "Ningemtukana yeye, nikamtukana na baba yenu kaburini, nikalala. Hili sikujua nilifanyeje. Alikuwa ananipenda huku ananichunga kama mwizi."

Tulilia naye, Baba. Kisha asubuhi akavaa nguo ya kahawia akaondoka.

Aliendelea kwenda kila siku mpaka makinda waliporuka. Na hapo tukaona jambo ambalo hatujawahi kuliona. Mama Mdogo alipiga simu, akaja mlangoni, akabembeleza, akanuna, akatuma hata shemasi. Mama alimjibu kwamba ana shughuli. Kufikia Jumapili ya pili parokia nzima ilijua kwamba Verna Dugas amepata mwanamume mwenye nyumba ya kuhamishika na mashua. Shemasi alimletea kijitabu cha ujane. Mama, ambaye hajawahi kuacha neno likapita bila kulijibu, alikipokea, akamkaribisha kahawa, akaongea naye habari za mvua. Aliacha wamshuku. Hata sisi tulimshuku kidogo, Mungu atusamehe, siku aliyochelewa.

Juzi ametuita jikoni. Amesema tuandike yote, tusiandike mahali, na mahali hata sisi hajatuambia. Taarifa ya mwaka huu ya kiota ameituma mwenyewe, kwa jina lake, Charlene akimwelekeza pa kubonyeza na kugeuza uso alipofika kwenye ramani. Kuhusu yule mama na kahawa yake, anasema anaamini robo tatu. Robo iliyobaki ni ya pasi, na hiyo atakuja kukuuliza mwenyewe.

Wanaokukumbuka ni wanao Charlene na Dale, mkwe wako Curtis, wajukuu zako Tessie na Remy, shemeji yako Lou Ella ambaye sasa amekaa chini, mafundi wenzako wa nyaya, na watazamaji wa mradi ambao hukuwaamini hata mmoja. Hutoki mioyoni mwetu, Baba.

Na haya yanayofuata ni maneno ya Mama kama alivyoyasema, tumekatazwa kuyapunguza:

"Ovide. Mimi Verna, mkeo, niandikwe. Makinda wameruka salama, wote wawili, koo la mama yao nililiona. Sijamwambia mtu. Ulipaswa kunijaribu mara moja tena. Hilo sitalisahau, wala wewe sitakusahau."